Mama Mkwe Akasema: Kalamu Chini

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nimeshika kitasa cha mlango wangu mwenyewe, na nje amesimama mama mkwe na begi. Wewe unayeanza leo, karibu, sogea nikupe kwa kifupi.

Mimi ni kaimu mhasibu. Nimekaimu muda mrefu hata wenzangu ofisini wamelisahau jina langu, wananiita Kaimu. Ili niache kukaimu nahitaji kufaulu somo moja lililobaki la mtihani wa bodi, lile la kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu zake. Nimelifeli mara mbili.

Mkuu wangu wa kitengo aliniambia bila kupepesa macho: nikifaulu safari hii, kiti ni changu. Nisipofaulu, kuna mwenye cheti anakuja kukikalia. Bodi nayo ina lake. Ukifeli somo hilo hilo mara ya tatu, unafutiwa hata yale uliyofaulu na kuanza upya.

Sasa mtihani wa majaribio ukatoka. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni, tunayemwita Tarakimu, ana tabia ya kusoma matokeo kuanzia mkiani. Nikasikia jina langu likiitwa la kwanza, nikafurahi kabla sijakumbuka tabia yake. Thelathini na moja kwa mia.

Akanipa fomu ya kuahirisha mtihani. "Fikiria, dada," akasema. "Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi jioni." Nikiahirisha, masomo niliyofaulu yanabaki salama, lakini kiti nakipoteza. Nikiufanya nikafeli, nimepoteza vyote.

Mume wangu ni fundi wa friji. Moyo wake ni mwema, ila mdomo wake hauna kifuniko. Nilimwambia yeye peke yake. Kesho yake mama yake akawa mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Meza ya kulia iko wapi?"

Hakuuliza maji wala habari za njiani. Aliuliza meza. Hapo inabidi niwaeleze kwamba mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kabla ya kustaafu alisimamia mitihani hata wanafunzi wakampa jina la Kalamu Chini. Analijua jina hilo. Anajifanya halijui, lakini analipenda.

"Mwanangu," aliniambia akikagua meza kama anayetaka kuinunua, "wewe si mjinga. Mjinga nisingekubali mwanangu amwoe. Shida yako hujasimamiwa."

"Mwalimu alitusimamia, Mama."

"Alisimama wapi?"

"Mbele. Alikuwa anasoma gazeti."

Akacheka kwa huruma, cheko la daktari aliyesikia ulikokwenda kutibiwa kwanza.

Jumanne jioni sebule yangu ikageuka chumba cha mtihani, maswali yakiwa ya mazoezi aliyotupa Tarakimu. Watoto wakapelekwa kwa jirani. Televisheni ikafunikwa kitenge, eti isinitazame. Mume wangu akaamriwa avue viatu na asipite nyuma ya kiti changu.

"Mama, mimi ni mume wake."

"Ndiyo maana. Watu wa nyumbani ndio wa kwanza kuvujisha majibu."

"Mimi sijui hata hiyo kampuni tanzu ni nini!"

"Wote husema hivyo."

Akanikagua. Simu akaiweka kwenye kabati la vyombo na ufunguo akautia kifuani. Kikokotoo akakigeuza juu chini, akakitikisa. Penseli akaziruhusu. Kalamu akazijaribu moja moja kiganjani mwake. Kisha akakishika kifutio changu, akakiinua kwenye taa.

"Hiki hakiingii."

"Mama, ni kifutio tu."

"Nimekamata watoto wameandika majibu ya somo zima kwenye kifutio, wanaazimana kutoka dawati la mbele hadi la nyuma. Tena watoto wenye sura za malaika kuliko wewe."

Nikataka kueleza kwamba mimi bila kifutio ni sawa na kinyozi bila wembe. Mkuu wangu wa kitengo hapokei karatasi yenye mkwaruzo. Ukimpelekea hesabu ina namba moja iliyokatwa, anakurudishia kwa ncha za vidole, kama kitambaa cha kupigia deki. Kwa hiyo tangu niajiriwe nina utaratibu wangu: nakokotoa pembeni kwa penseli, nikipata jibu naliandika kwa wino, halafu penseli yote naifuta. Karatasi yangu hubaki safi, namba chache tu katikati, zimejipanga kama wageni waalikwa.

Lakini mama mkwe hajibiwi mara mbili. Kifutio kikaenda kabatini.

Akasimama mbele ya meza, akakohoa. "Mtahiniwa, hakikisha una kurasa zote. Hairuhusiwi kuongea. Hairuhusiwi kutazama dirishani. Anayetaka kwenda chooni alipaswa kwenda kabla hajazaliwa msimamizi huyu. Anza."

Nikaanza. Kwa kweli, wasomaji wangu, nilianza vizuri. Swali la kwanza kampuni mama ilinunua tanzu katikati ya mwaka, nikaigawa faida yake ya kabla na ya baada bila kutetemeka. La pili lilinikaba, nikapambana nalo. Pembezoni mwa karatasi penseli ikajaa mishale, vijumlisho, namba zilizokatwa na kurudiwa. Kila nilipotupia jicho ule uchafu mkono ulitafuta kifutio usikione.

Nilikuwa nimemaliza la tatu, nafungua la mwisho lenye alama nyingi kuliko yote, niliposikia sauti ya kuangusha dari.

"Kalamu chini!"

Nikainua kichwa. Saa ya ukutani ilionyesha yamepita masaa mawili. Mtihani wa bodi ni wa masaa matatu; mawili ni ya shule ya msingi aliyoizoea.

Hapa ndipo mtanicheka, na nimekubali. Mtu mzima, mama wa watoto, kaimu mhasibu, nilipaswa kusema: Mama, bado saa nzima. Sentensi fupi tu. Nilifungua mdomo, nikamwona alivyosimama, mkono mmoja kiunoni, amenyoosha mgongo kama siku zake za shule, uso umenawiri. Tangu astaafu sijawahi kumwona amefurahi vile. Nikaiweka kalamu chini, nikasema, "Ahsante, Mama."

"Karatasi haifunguliwi tena," akasema, akiitia kwenye bahasha na kuilamba gundi. "Msimamizi hasahihishi. Utampelekea huyo msoma magazeti wako, aipokee ikiwa imefungwa."

Chumbani nikamshika mume wangu shati.

"Mwambie mama yako mtihani ni masaa matatu."

"Mwambie wewe."

"Ni mama yako."

"Ni mama mkwe wako. Mimi nilishachapwa vya kutosha utotoni, zamu yako sasa."

"Utamwambia?"

Akajikuna shingo. "Tufunike kombe mwanaharamu apite. Akirudi kwake utafanya masaa hata kumi."

Ndivyo nyumba yenye watu wazima wawili ilivyomwogopa bibi mmoja mwenye saa.

Jumatano asubuhi nikaiacha bahasha chuoni na kukimbilia kazini. Sikuwa na tumaini nayo. Kama majaribio ya masaa matatu yalinipa thelathini na moja, haya ya mawili, swali kubwa sijaligusa na karatasi imechafuka namna ile, yangenipa nini? Labda Tarakimu angenipa alama mbili za kuandika tarehe.

Alhamisi mkuu wa kitengo akapita mezani kwangu na mtu mgeni, kijana wa suti, akimwonyesha ofisi.

"Na hapa," akasema, akigusa mgongo wa kiti changu nami nikiwa nimekikalia, "ndipo mhasibu anapokaa."

Yule mgeni akanisalimu kwa adabu. Akakitazama kiti. Nikajisikia kama nimekaa kwenye mapaja ya mtu.

Jioni ile nikaijaza fomu ya kuahirisha. Nililia, sitawaficha. Nililia jikoni nikikata vitunguu, maana vitunguu havina mdomo wa kukusaliti. Nikaweka sahihi, nikaiacha fomu mezani chini ya kopo la sukari. Nikajiambia nitaamua Ijumaa, nikishapata akili.

Mama mkwe akaipita, akaiona, hakusema kitu. Nikadhani ananihurumia.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Tarakimu.

"Kaimu, uko wapi? Njoo chuoni sasa hivi."

"Mwalimu, nikemee kwa simu tu."

"Njoo nikukemee uso kwa uso."

Nikaomba ruhusa, nikaenda. Nilimkuta darasani, ameweka karatasi zangu mbili mezani: ile ya thelathini na moja, na ile ya Mama.

"Hii ya kwanza," akasema, "nieleze. Ni nini hii?"

"Ni mtihani wangu, Mwalimu."

"Hapana. Hii ni sahani iliyolambwa. Jibu la kwanza si sahihi, sifuri. La pili si sahihi, sifuri. Umekosea wapi? Sioni. Umepatia wapi? Sioni. Wewe ulitaka nikupe alama za nini, za mwandiko?"

Akaivuta ya pili, ile chafu, yenye mishale na mikwaruzo, ikanitia aibu mbele ya macho yake.

"Sasa hii nani kakufundisha?"

"Nisamehe, Mwalimu, sikuwa na kifutio."

"Hukuwa na nini?"

Nikamweleza yote. Penseli, kifutio, mkuu wa kitengo na karatasi zake, Mama na watoto wenye sura za malaika. Tarakimu akavua miwani. Nikadhani ana hasira, kumbe anafuta machozi ya kicheko.

"Dada yangu, miaka yote hii unatufutia ushahidi! Msahihishaji wa bodi anatoa alama kwa kila hatua. Ukikosea jibu la mwisho lakini njia ni sahihi, unapata karibu zote. Wewe unampikia mtu, kisha unamwaga chungu na kumletea mwiko! Wahenga walisema mficha uchi hazai, wewe umeficha mpaka hesabu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo jibu lako la swali la tatu hapa nalo si sahihi, umesahau kuondoa mauzo ya ndani kati ya mama na tanzu. Lakini njia naiona yote, nimeifuata kwa kidole. Hamsini na nne."

Nikakaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kilikuwepo, ashukuriwe Mungu.

"Kufaulu ni hamsini," nikasema, kana kwamba yeye hajui.

"Na swali la mwisho hukuligusa kabisa. Ulichoka?"

"Hapana, Mwalimu. Muda uliisha."

"Muda gani? Masaa matatu hayakutosha?"

"Nilipewa mawili."

Akavaa tena miwani yake. "Masaa mawili, bila kifutio, bila swali la mwisho, na umefaulu. Usije ukaniletea ile fomu, Kaimu. Ukiileta nitaila."

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyevaa viatu vipya. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nitamkumbatia Mama, adabu zitanisamehe. Nitamwambia kuninyang'anya kifutio kumeniokoa. Fomu nitaichana vipande, watoto wachezee.

Mama alikuwa sebuleni ameketi, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

"Mama! Nimepata hamsini na nne!"

Akatabasamu taratibu, tabasamu la mtu asiyeshangaa. "Si nilikwambia hujasimamiwa?"

Nikaliinua kopo la sukari. Chini yake palikuwa na alama ya duara tu.

"Mama, hapa palikuwa na karatasi."

"Nimeipeleka."

"Umeipeleka wapi?"

"Chuoni, kwa karani. Nimetembea mpaka miguu imevimba, si unaona?" Akaitikisa majini. "Mwanangu, nilihuzunika kuona umeahirisha. Lakini nikasema, huo ni uamuzi wa mtahiniwa, msimamizi hauingilii. Karatasi ikishawekwa sahihi hailali mezani. Inakusanywa, inafikishwa. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote."

Tulipishana, mimi kwa mwalimu, yeye kwa karani, katika jengo moja. Mkono ule ule uliochukua kifutio ukaniokoa, ndio uliochukua fomu ukanizamisha.

Wakati huo mume wangu akaingia na sanduku lake la vifaa, akatutazama mmoja mmoja. "Nani kafa?"

"Hakuna," nikasema. "Bado."

Kisha nikafanya jambo nisilowahi kufanya tangu niolewe. Nikamwambia Mama, "Umekosea."

Sanduku la vifaa likamponyoka mume wangu. Bisibisi zikatawanyika sakafuni.

"Mama, ile karatasi sikuwa nimeamua. Niliiacha nifikirie. Ikibaki kwa karani mpaka saa kumi, mtihani sifanyi, na kiti kimekwenda."

Mama akaitoa miguu kwenye maji, wa kulia, kisha wa kushoto. Akajifuta kwa khanga yake.

"Wewe," akamwambia mwanawe, "acha kuokota bisibisi. Washa pikipiki."

Tukapanda watatu, jambo ambalo msiige. Mama katikati, begi lake kifuani, akihimiza kila kona. Tulipofika karani alikuwa anaanza kupanga meza yake. Ni dada mmoja mpole, ila upole wake una mipaka, na mipaka yake ni saa kumi.

"Nimekuja kuichukua fomu yangu," nikasema nikihema.

Akaivuta kutoka kwenye rundo. Nikaiona sahihi yangu, ilivyokwaruzwa kwa mkono wa mtu aliyekata tamaa.

"Ipo. Lakini siwezi kukupa wewe. Aliyeileta ndiye anayeiondoa. Ni huyu mama, nilimwandika." Akamgeukia Mama kwa heshima. "Mama, andika hapa kwamba uliileta kwa makosa, kisha weka sahihi. Mimi nitaifuta mara moja."

"Kwa makosa," Mama akarudia.

"Ndiyo, Mama. Maneno mawili tu."

Nikampa kalamu yangu. Akaipokea, akavaa miwani, akainama. Mume wangu akaanza kutazama dari. Sisi wawili tunamjua. Mwanamke huyu aliwahi kununa msimu mzima kwa sababu jirani alimwambia amekosea siku ya juma, na kweli alikuwa amekosea.

Kalamu ikakaribia karatasi. Ikasimama.

Nilidhani ni kiburi. Nikafuata macho yake, nikaona hayako kwenye fomu. Yako ukutani, nyuma ya karani, kwenye ratiba ya mitihani. Nilipaswa kujua. Huyu hawezi kupita penye tangazo la mtihani asilisome, ni ugonjwa wake. Midomo yake ikatembea taratibu: somo, tarehe, chumba.

Muda.

Nikaona anapofika hapo. Akarudia mstari ule. Akaunyooshea kidole, kama anayemfundisha mtoto kusoma.

"Masaa matatu," akasema.

Mume wangu, shujaa wa nyumba, akarudi nyuma hatua moja hadi akagusa mlango.

"Nilikunyang'anya karatasi saa nzima ikiwa bado," Mama akasema, bila kunitazama. "Ukaweka kalamu chini. Ukaniambia ahsante, Mama. Nakumbuka. Ulisema ahsante."

"Mama, fomu kwanza..."

"Hamkuniambia." Akageuka. Nilizoea macho yake ya ukali, nimeyazoea kama mvua. Haya hayakuwa hayo, yalikuwa yamelowa. "Mlikaa chumbani mkanong'ona, nikasikia minong'ono, nikadhani ni ya mume na mke. Kumbe mlikuwa mnanicheka?"

"Hatukukucheka, Mama. Wallahi hatukucheka."

"Sasa mlifanya nini?"

Karani akakohoa. Akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi, akachukua muhuri wake na kuufungua kifuniko. "Samahani, wazee wangu. Ikifika saa kumi nazigonga zote."

Mama hakumsikia, au alimsikia. Akaishika kalamu yangu juu ya karatasi, kwa mkono uliosimamia watoto wa watu maisha yake yote.

"Kabla sijaandika hapa kwamba nimekosea," akasema, "nijibu swali moja, mwanangu, na usifute kitu. Katika nyumba yenu, mimi ni mama, au ni mtu wa kunyamaziwa mpaka aondoke?"